Giza Likija Pamoja na Mvua, Nyumba Yako I Tayari?

Msomaji wetu, nina swali moja la kukuuliza, nami nakuomba ulijibu kwa kweli moyoni mwako kabla ya kuendelea kusoma. Kama usiku wa leo upepo ungevuma kwa nguvu, mvua kubwa ikanyesha mpaka alfajiri, na stima ikakatika kwa muda wa siku tatu, je, nyumba yako, ng'ombe wako na maziwa yako yangekuwa katika hali gani asubuhi ya siku ya nne?

Mimi nilipojiuliza swali hili mara ya kwanza, jibu lake lilinitia haya. Ilikuwa usiku wa tarehe 25 Agosti, 2023, wakati stima ilipokatika karibu katika nchi nzima ya Kenya. Sikuwa na taa ila simu yangu, nayo ilikuwa karibu kuzimika. Tochi ilikuwako, lakini betri zake zilikuwa zimeoza ndani. Unga ulikuwa umekwisha, nami nilikuwa nimepanga kupeleka mahindi kwenye kinu asubuhi. Kumbe kinu chetu nacho ni cha stima. Maziwa ya jioni nilikuwa nimeyaweka katika friji kama ilivyo desturi yangu. Asubuhi karani wa maziwa aliyapima akatikisa kichwa, nami nikarudi nayo nyumbani. Wala usiku huo kwetu hapakuwa na tufani hata kidogo! Ilikuwa ni kukatika kwa stima tu. Nikawaza moyoni: ingekuwaje kama paa nalo lingeondoka?

Maoni yangu ni haya. Sisi tulio katika mashamba ya settlement tumepata stima, na hilo ni jambo jema sana. Lakini tumeanza kuitegemea kama vile mtoto anavyotegemea mgongo wa mama yake. Wazee wetu waliogawiwa mashamba katika ule mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962, hawakuwa na stima ya kukatika. Walikuwa wametoka tu kuiona mvua ya mwaka wa 1961, iliyokuwa kubwa mno hata mito ikafurika na maji ya Ziwa Victoria yakapanda. Kwa hiyo walichimba mitaro, wakaweka akiba ya kuni na unga, na maziwa wakayapoza kwa maji. Sisemi turudi nyuma tukae na koroboi. Nasema tuwe na stima, na pia tuwe na njia ya kuishi siku tatu bila stima.

Huku kwetu hatuna theluji kama nchi za Ulaya. Lakini tuna mvua ya masika tangu Machi mpaka Mei, na ya vuli tangu Oktoba mpaka Desemba. Na huko Trans Nzoia na Uasin Gishu mvua huendelea kwa miezi mingi zaidi. Watu wa Kericho na Nandi wanajua mvua ya mawe kuliko watu wengi sana duniani. Watu wa Nyandarua wanajua baridi ya mwezi wa Julai. Na sote tunakumbuka mafuriko ya 1997, ya 2019, ya 2023, na yale ya Aprili na Mei, 2024. Basi mtu asiseme kwamba mambo haya huja kwa nadra. Yatarudi tena, na kila mmoja wetu anajua hivyo.

PAA KWANZA, JENERETA BAADAYE

Wako wakulima ambao wakisikia habari ya kujitayarisha, mara moja hufikiri kununua jenereta. Mimi nasema hapana. Jenereta hula mafuta kila siku, na mtambo usiowashwa mara kwa mara hukataa kuwaka siku ile unapoutaka. Kama una fedha kidogo, anza na paa. Paa likiondoka, mahindi yatalowa, watoto watalowa, vitabu vya shule vitalowa, na taa ya jenereta itakuonyesha hasara yako tu.

Upepo huingia chini ya ukingo wa paa na kulinyanyua, kama vile mtu anavyofungua kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo chagua siku ya jua, chukua ngazi, utazame mambo mawili. Kwanza, misumari ya mabati. Uliolegea uutoe, upige mwingine wenye mpira mahali penye mbao ngumu. Pili, tazama kama mbao za paa zimefungwa kwenye ukuta kwa bamba la chuma au waya mnene. Nyumba nyingi zetu mbao zimelazwa juu ya ukuta tu, zikingoja upepo. Fundi anaweza kuzifunga kwa siku moja.

Tazama pia miti iliyo karibu na nyumba, ukate matawi makavu. Lakini tawi lililo karibu na waya wa stima usiliguse. Peleka habari kwa watu wa stima waje walikate wenyewe.

Tena paa lile lile linaweza kukupa maji. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya meta moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Basi nyumba yenye paa la meta 10 kwa 6, ikipata mvua ya milimita 10, inaweza kukusanya karibu lita 600. Ng'ombe mkubwa wa maziwa aweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku moja. Pampu ya kisima ikinyamaza kwa sababu ya stima, mwenye mfereji wa mabati na tangi atawanywesha ng'ombe wake, lakini mwenye pampu peke yake atabeba ndoo kichwani. Na usidhani kwamba ng'ombe atavumilia. Katika kila lita 100 za maziwa, karibu 87 ni maji, na asiyekunywa hawezi kukamuliwa.

MAJI HAYAJUI MPAKA

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu hamtanipenda. Katika kijiji chetu, na nadhani katika chako pia, ugomvi mwingi wa wakati wa mvua hutokana na mitaro. Mtu wa juu huchimba mtaro wa kuondoa maji kwake, akauelekeza katika shamba la mtu wa chini. Yule wa chini naye huamka usiku akauziba. Asubuhi wote wawili wana hasara: mmoja viazi vimezama, mwingine udongo wake mzuri umekwenda mtoni. Mpaka ulipimwa na mpima ardhi akaweka vigingi, lakini maji hayajui vigingi. Yanajua mteremko tu.

Kwa hiyo haifai mtu achimbe mtaro peke yake. Wenye mashamba yanayofuatana katika mteremko mmoja na watembee pamoja, kutoka juu mpaka mtoni, wakaangalie maji yanapita wapi, kisha wapatane juu ya njia moja ya maji yenye nyasi, ambayo kila mtu ataiacha wazi katika sehemu yake. Matuta yapandwe majani ya Napier, ambayo yatashika udongo na kuwa chakula cha ng'ombe. Afisa wa kilimo akiitwa atawapimia mteremko. Kama hamkuelewana, chifu na wazee wapo. Ni afadhali kubishana mwezi wa Februari juani kuliko kupigana mwezi wa Aprili matopeni.

Na kalvati zilizo barabarani zisiachwe zikaziba. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, mahali ambapo njia yake ilikuwa imezibwa, yalipasuka yakashuka na mawe na miti, na watu zaidi ya 40 wakafa. Huko Solai, tarehe 9 Mei, 2018, bwawa la shamba lilipasuka usiku, na huko pia watu zaidi ya 40 walikufa. Katika settlement zetu yako mabwawa mengi yaliyochimbwa zamani na wenye mashamba makubwa. Je, unajua mahali pa kutokea maji katika bwawa lililo juu ya nyumba yako? Je, pako wazi, au pameota vichaka? Ukiona ufa katika tuta, au maji yakichuruzika chini yake, usingoje mpaka asubuhi. Waondoe watu walio chini, ndipo upeleke habari.

MAZIWA HAYANGOJI STIMA

Maziwa yakitoka kwa ng'ombe yana joto la mwili wake, karibu digrii 38. Katika joto hilo kijidudu kimoja kinaweza kuwa viwili kwa muda wa nusu saa au chini ya hapo. Fanya hesabu mwenyewe: kimoja, viwili, vinne, vinane, baada ya saa tano kile kimoja kimekuwa 1,024. Hii ndiyo sababu maziwa ya jioni hukataliwa asubuhi, na karani halaumiwi.

Kama friji imezimika, rudia njia ya wazee. Jenga birika dogo la saruji mahali penye kivuli, au tumia pipa lililokatwa. Weka mkebe wa maziwa ndani, maji baridi yafike karibu na shingo yake. Koroga maziwa kwa upawa safi, ukabadilishe maji yakipata joto. Hayatakuwa baridi kama ya friji, lakini yatapoa upesi kuliko yakiachwa jikoni. Maziwa ya jioni na ya asubuhi yasichanganywe katika mkebe mmoja, maana yakiharibika ya jioni utapoteza yote. Na mkebe uwe wa aluminiamu, wala si mtungi wa plastiki ambao hauoshwi vizuri ndani.

Kama barabara imekatika na lori halifiki, usiyamwage. Yachemshe, uyapoze, ufanye maziwa lala ya nyumbani na ya jirani ambaye ng'ombe wake wamekauka.

Tena ulizeni jambo moja katika mkutano wa chama chenu cha ushirika: tangi la kupozea maziwa lina jenereta, na jenereta hiyo ina mafuta ya saa ngapi? Wanachama wengi huuliza bei ya maziwa tu. Lakini bei nzuri haina faida kama lita elfu kadha zimeharibika katika tangi kwa sababu hakuna aliyenunua mafuta. Chama ni chenu, na swali hili mna haki ya kuliuliza.

UNGA, MAHINDI NA FEDHA

Saga unga wa wiki mbili kabla ya mvua kuanza, kwa maana kinu cha stima hunyamaza siku moja na taa zako. Weka nyasi kavu za kutosha siku kadha ili mashine ya kukata majani ikinyamaza ng'ombe wasilale na njaa. Na panga liwe kali tayari.

Mahindi yako yasikae chini sakafuni wala yasiegemee ukuta. Yainue juu ya mbao. Kama unashuku hayajakauka, chukua chupa kavu yenye kifuniko, utie chumvi kavu kidogo na mahindi, ukaitikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana maji bado. Jambo hili si dogo. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu nyingine, watu 125 walikufa kwa sumu ya aflatoksini, ambayo hutokana na ukungu wa mahindi yaliyowekwa na unyevu. Mahindi yaliyolowa na kuota ukungu hayafai kwa mtu wala kwa ng'ombe, maana sumu hiyo hupita mpaka katika maziwa.

Weka pia fedha taslimu kidogo nyumbani. Fedha za simu ni nzuri, lakini simu iliyozimika hainunui dawa ya mtoto usiku.

MAMBO YANAYOUA

Nimetaja hasara ya mali. Sasa sikiliza habari ya roho za watu, na hapa sitaki mchezo.

Usiingize jiko la makaa katika chumba cha kulala. Najua baridi ya kipupwe, najua watoto wanalia. Lakini makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki, na aliyelala hutambui kitu mpaka amekufa. Madirisha yakifungwa kwa ajili ya mvua, hatari huwa kubwa zaidi. Jiko liwashwe nje, litumike mahali penye hewa, na kabla ya kulala litolewe. Watoto wavalishwe nguo nzito walale pamoja. Jenereta vilevile isiwashwe ndani ya nyumba wala karibu na dirisha. Na isiunganishwe na nyaya za nyumba ila na fundi mwenye kibali, maana yaweza kumwua mtu wa stima aliye juu ya mlingoti akijaribu kukusaidia.

Koroboi usiitie mafuta ikiwa inawaka. Taa ndogo ya jua ni salama zaidi, na haihitaji mafuta ya taa.

Waya wa stima ulioanguka usiuguse, wala usiuondoe kwa fimbo, hata kama kijiji kizima kina giza. Stima yaweza kurudi wakati wowote. Simamisha mtu mbali awazuie watoto na ng'ombe, kisha piga simu. Na stima ikikatika, chomoa friji, redio na televisheni, maana ikirudi kwa nguvu huunguza.

Ukisikia ngurumo, radi i karibu ya kutosha kukupata. Ingia katika nyumba imara, ukae mbali na nyaya na mabomba, ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kufunika kioo hakuzuii radi. Usikae chini ya mti, wala usiwaache ng'ombe chini ya mti ulio peke yake au kando ya ua wa waya. Radi ikipiga mti hupita katika ardhi, ikapanda mguu mmoja wa ng'ombe na kutokea mwingine. Hivyo kundi zima laweza kuanguka pamoja.

"KAZI HII NI YA SERIKALI"

Wako watakaosema: "Mwandishi huyu anatutwisha mzigo usio wetu. Barabara ni kazi ya Serikali, nyaya ni kazi ya watu wa stima. Sisi tunalipa kodi na kulipia stima." Hawakukosea. Mlingoti uliooza ni lazima ubadilishwe na wenye mlingoti, na kalvati kubwa haiwezi kujengwa kwa jembe la mkulima. Yasemeni hayo katika baraza, na kama hamsikilizwi yasemeni tena.

Lakini nakuuliza: saa nane ya usiku, bati la kwanza likianza kupiga kelele, ni afisa gani atakayekuwa mlangoni pako? Atakuwako mkeo au mumeo, watoto wako, na jirani yako. Kudai haki yako kwa Serikali na kupigilia misumari yako mwenyewe si mambo mawili yanayopingana. Tena yule ambaye mtaro wake ni safi ana nguvu zaidi ya kusema barazani kuliko yule ambaye takataka za shamba lake ndizo zilizoziba kalvati.

Wengine watasema hawana fedha. Tazama tena kazi nilizozitaja. Kusafisha mtaro, kuinua mahindi, kusaga unga mapema, kutoa jiko nje, kupatana na jirani: haya hayahitaji shilingi hata moja. Kwa misumari na taa ya jua, tenga fedha za maziwa ya siku moja katika kila wiki, kwa muda wa miezi miwili kabla ya mvua. Hata kama ni kidogo, zitafika mahali. Fedha za maziwa ndizo karo za watoto wetu. Ng'ombe mmoja akifa, au mikebe ya wiki nzima ikikataliwa, mtoto ndiye atakayerudishwa nyumbani.

Na wenye nguvu wasiwasahau wasio na nguvu. Katika kila settlement yuko bibi mzee anayekaa peke yake, mwenye paa ambalo hawezi kulipanda. Vijana wawili wenye nyundo wanaweza kuimaliza kazi yake kabla ya chakula cha mchana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Basi, ukiisha kusoma ukurasa huu, usiuweke chini ukasahau. Wasomee walio nyumbani jioni ya leo. Kisha zimeni taa kwa kusudi, kwa muda wa saa moja, mkaone ni nani anayejua mahali tochi ilipo, jiko litawashwa wapi, na maji ya kunywa yamebaki kiasi gani. Mtakayoyakosa katika saa hiyo moja, yaandikeni. Jumamosi ijayo anzeni nayo.